Shule nzuri au njia fupi? Piga hesabu kabla ya kulipa kodi

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayehama Ilala kwenda Kibaha kwa ajili ya shule ya watoto hununua vitu viwili kwa mkupuo: elimu na barabara. Bei ya kwanza huandikwa kwenye risiti. Ya pili haiandikwi popote.

Tuchukue mfano. Safari ikiongezeka saa moja kwenda na saa moja kurudi, kwa siku sita za kazi, duka limepoteza saa 12 kwa wiki. Kwa wiki 48 ni saa 576, yaani siku 24 usiku na mchana. Zizidishe kwa faida ya saa moja dukani, kisha ongeza nauli. Hiyo ndiyo karo ya pili.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, yamepunguza makali, lakini foleni ya kituoni nayo ihesabiwe.

Hata hivyo, kubaki karibu na duka hakufuti safari. Huihamishia kwa mtoto, anayeamshwa saa 10 alfajiri kusubiri basi la shule. Anayesinzia darasani hapati thamani ya karo iliyolipwa.

Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka, hivyo kosa halirekebishiki haraka. Ushauri wetu: Jumatatu moja, kabla ya kulipa, ondoka huko alfajiri uende dukani ukitazama saa. Safari aibebe mtu mzima, lakini isilimalize duka. Duka likiyumba, karo itatoka wapi?