Fundi mpya wa ndege aanze na Caravan

Kijana anayehitimu ufundi wa ndege, awe ametoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji Dar es Salaam au chuo cha usafiri wa anga pale Embakasi, Nairobi, macho yake huwa kwenye Dreamliner. Hakuna wa kumlaumu. Lakini kinachomvusha kutoka cheti hadi leseni ni daftari lake la kazi, si ukubwa wa ndege aliyoigusa. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinamtaka mwombaji wa leseni awe na uzoefu wa miaka 4, au miaka 2 akiwa amepitia mafunzo yaliyoidhinishwa, na uzoefu wenyewe uwe na ushahidi. Mwenye leseni asiposaini daftarini, mwaka mzima wa kushika spana unaweza kupotea hivi hivi.

Chukua kazi inayoonekana ndogo: kufunga waya wa usalama kwenye boliti za injini. Waya husokotwa ukiwa mikunjo miwili, ukakaza bila kujikata, na siri yote iko kwenye upande unaopita. Boliti ikitaka kulegea kwa mtikisiko, waya uivute irudi kukaza. Ukipitishwa upande usio wake, unapendeza machoni lakini haushikilii kitu. Darasani utaelezwa, mkono hufunzwa na mkubwa anayekata waya wako mbele ya macho yako na kusema, rudia. Katika karakana ya kampuni ndogo yenye Cessna Caravan za kupeleka abiria Mafia na Serengeti, kijana huyo huyo atafunga waya, ataosha kompresa ya injini kwa maji safi kuondoa chumvi ya bahari, kisha atashughulikia breki zilizochoshwa na viwanja vya changarawe. Injini ni moja, magurudumu hayakunjwi, na ndege nzima inaingia kichwani. Kwenye shirika kubwa kazi zimegawanywa, na mgeni anaweza kukaa muda mrefu kwenye matairi na viti.

Watasema pesa iko kwenye ndege kubwa, na Dubai na Doha hawamtafuti fundi wa Caravan. Ni kweli. Ila kozi ya Boeing au Airbus hupandikizwa juu ya leseni. Asiye na leseni hawezi kuiidhinisha ndege kuruka kwa cheti cha kozi peke yake. Pingamizi zito zaidi ni jingine: kampuni ndogo huwa na wenye leseni wachache, na ndege zinawasubiri asubuhi. Watafundisha saa ngapi? Na kijana akishaiva akaondoka, nani atamfidia mwajiri aliyemlea? Hilo mamlaka na waajiri bado wana deni la kulijibu.

Wewe unayeitwa kwenye usaili, kabla hujauliza mshahara, uliza ni nani atakayesaini daftari lako, na ana vijana wangapi chini yake.