Faini Hailishi Watoto wa Aliyegongwa

Juni 28, 2025, basi na basi dogo yaligongana katika eneo la Sabasaba, wilayani Same, yakashika moto, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Taifa zima liliomboleza, na ilistahili. Lakini katika barabara hiyo hiyo hutokea ajali ya namna nyingine ambayo haitangazwi redioni: gari moja, baiskeli moja, na mtu mmoja aliyelala kando ya lami. Hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo.

Anayeijua Same anajua kwamba barabara kuu ya Moshi na Arusha inapita chini ya Milima ya Upare, katikati ya makazi ya watu, kupitia Hedaru na Makanya. Huku tambarare baiskeli ndiyo punda wa maskini: hubeba maji, mkaa na gunia la mahindi. Upande wa mashariki wa milima, katika njia ya Kisiwani, Maore na Ndungu, sehemu kadhaa zimekuwa zikitiwa lami. Tunaipongeza kazi hiyo. Hata hivyo, zamani mashimo yenyewe ndiyo yaliyokuwa askari wa usalama barabarani. Lami ikija, sharti na mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika makazi uheshimiwe kwa vitendo, si kwa kibao tu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame, amsaidie majeruhi na kutoa taarifa polisi. Dereva anayekimbia tunamlaani. Lakini tuseme kweli: wako wanaokimbia kwa kuhofia mawe. Mwananchi anayeokota jiwe badala ya kumwinua majeruhi anamfukuza shahidi wa kwanza, na pengine gari pekee lililokuwa karibu la kumfikisha hospitali. Na mahali penyewe si pa mchezo. Kutoka Same hadi Hospitali ya KCMC, Moshi, ni mwendo wa kilomita zipatazo 100, na mwenye damu inayomwagika ndani ya kichwa hasubiri.

Kisha ipo fomu ya polisi, ile PF3. Fomu hiyo ni ya ushahidi. Si tiketi ya kuingilia chumba cha matibabu. Mtumishi anayemrudisha majeruhi mlangoni kwa kukosa karatasi hajaielewa dhamana aliyopewa. Mgonjwa atibiwe, ndugu mmoja aende kituoni.

Lakini jambo linalotusikitisha kuliko yote huja siku za baadaye, mguu ukiwa katika plasta. Dereva anafikishwa mahakamani, anatozwa faini, na kijiji kizima kinadhani kwamba shauri limekwisha. Faini ile ni mali ya Serikali. Haimfikii aliyevunjika, wala hainunui unga wa watoto wake. Fidia ni dai la peke yake, na sheria imeliwekea njia: kila gari linalotembea barabarani ni lazima liwe na bima ya kuwafidia watu wengine kwa kifo au majeraha. Ikiwa aliyegongwa amefariki, waliokuwa wakimtegemea wanayo haki ya kudai. Kwa Tanzania Bara, madai ya namna hii hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Ikipita hiyo, mlango umefungwa.

Wengi hawayajui haya. Ndipo anapokuja mjumbe wa mwenye gari, jioni, kwa maneno matamu, akiwa na fedha kidogo na karatasi ya kutiwa dole gumba. "Tuyamalize kindugu." Sisi hatupingi suluhu, suluhu ni kheri. Tunapinga suluhu inayofanywa kabla daktari hajasema kama mguu utapona, mbele ya mjane asiyejua alichoandikiwa. Fidia si sadaka, na anayeilipa hafanyi hisani.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vijiji, maofisa watendaji wa kata na mabalozi wa nyumba kumi, wa Upare na wa kwetu visiwani, wasiwe mashahidi wa karatasi za namna hiyo. Wamwelekeze majeruhi kuandika namba ya gari. Kwa namba hiyo, mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima unaonyesha kama gari lina bima na ni ya kampuni gani. Wamhimize kutunza nakala ya PF3, stakabadhi za dawa, na majina ya walioona. Baiskeli iliyopondeka isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma kabla polisi hawajaikagua.

Haya hayako mbali nasi. Wakulima wetu wa Unguja na Pemba nao hupita pembezoni mwa barabara na majani ya ng'ombe juu ya baiskeli, alfajiri, bila taa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki.

Tungependa kuona, katika kila kituo cha polisi na kila hospitali ya wilaya, karatasi moja ukutani, kwa Kiswahili chepesi, ikimweleza aliyegongwa aanzie wapi. Gharama yake ni wino na gundi.