Paa la Makuti na Karo ya Januari

Mwenye nyumba ya makuti huku Tiwi hulijua paa lake usiku. Mvua ya kwanza ya masika ikishuka, huamka akasogeza kitanda, akatega sufuria panapodondoka na kuyaokoa madaftari ya watoto. Kulipokucha ndipo humwendea fundi. Na fundi, ambaye ana nyumba nyingine zinazomngoja, humtajia ujira ambao hangethubutu kumtajia Januari.

Nathubutu kusema kwamba si umaskini peke yake unaotufikisha hapo. Wengi wetu huuliza bei ya kuti moja, wala hatuulizi litakaa juu miaka mingapi.

Natuchukue mfano, na walimu wa hisabati wanisahihishe nikikosea. Kipaa kina futi 12 kutoka mgongo hadi ukingoni, na urefu wa futi 30. Tuseme kila kuti la viungo lafunika futi 2. Basi safu moja yahitaji makuti 15. Fundi akiziachanisha safu kwa inchi 6, atapata safu 24, yaani makuti 360 kwa kipaa kimoja, au 720 kwa vipaa viwili. Akizikaribisha ziwe inchi 4, safu ni 36, na makuti yote ni 1,080. Hapo mwenye nyumba hushtuka, akachagua yale 720. Lakini ikiwa paa la kwanza litakaa miaka 4 na la pili 7, basi la kwanza limekula makuti 180 kwa mwaka, na la pili halifikishi 155. Tena sijataja ujira, kamba na fito, ambavyo hulipiwa upya kila paa linapoezuliwa.

Hesabu hiyo yote ni bure ikiwa miti imeoza. Kabla ya kununua hata kuti moja, fundi na apande azikague kombamoyo na pau. Paa lililobonyea hushika maji, na makuti yaliyokaa na unyevu huoza hata yakipangwa mazito. Fungu la kwanza la fedha, kwa hiyo, ni la miti. Zamani watu walijikatia boriti mikokoni. Leo mambo ni mengine: kuuza boriti za mikoko nje ya Kenya kulipigwa marufuku mwaka 1982, na huko Gazi wanavijiji, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, huilinda mikoko yao na kulipwa kwa kaboni inayohifadhi. Mwenye nyumba na aweke bei ya miti ya mvinje.

Wapo watakaoniambia niachane na makuti, nipige mabati. Sina ugomvi nao. Mabati hukusanya maji safi ya mvua. Ila hewa ya chumvi huyala, hasa yale membamba ya geji 30, na aliyewahi kufundisha chini ya bati mchana wa Februari hahitaji kuelezwa joto lake. Zaidi ya hayo, paa la mabati hutaka fedha nyingi kwa mkupuo. Makuti hununulika kidogo kidogo, na sioni kwa nini tuitupe fadhila hiyo.

Ugumu uko kwenye kalenda. Januari, kaskazi inapovuma na jua kuwaka, ndio mwezi mwema wa kuezeka. Ndio pia mwezi wa karo, sare na vitabu. Mzazi akiziweka gharama hizo pamoja, paa ndilo linaloahirishwa, na yale madaftari yaliyonunuliwa kwa taabu yakaja kuloa Aprili. Heri aanze Julai. Makuti 1,080 kwa miezi 6 ni 180 kwa mwezi. Januari ikiingia, abakiwe na ujira wa fundi tu. Mama anayeyashona uani kwake naye atapata mnunuzi wa kila mwezi, asingoje msimu wa hoteli za Diani.

Yapangwe juu ya magogo, mahali pakavu, mchwa wasiyafikie. Na kila fungu lihesabiwe linapopokewa, maana nimewahi kulipia fungu la 20 nikafungua nikakuta 18.