Kuteketea, Kuangamia au Kuangamizwa? Kisawe cha Neno 'Holocaust' katika Kiswahili

Utangulizi

Kiswahili kina msamiati mpana wa kutaja uharibifu mkubwa: maafa, janga, balaa, maangamizi na mengineyo. Aghalabu maneno haya huchukuliwa kuwa visawe vinavyoweza kubadilishana nafasi bila athari yoyote. Makala haya yanachunguza neno la Kiingereza 'holocaust' kwa kufuatilia chimbuko lake, matumizi yake na namna linavyoweza kutafsiriwa. Hoja inayotetewa ni kwamba kisawe kifaacho ni kile kinachomdhihirisha mtenda. Palipo na mauaji ya kukusudia, neno linalomficha muuaji huipotosha historia.

Chimbuko na Mabadiliko ya Maana

Asili ya neno hili ni Kigiriki: 'holos', yaani -ote, na 'kaustos', yaani kilichochomwa. Wafasiri wa Agano la Kale kwa Kigiriki walilitumia kutajia sadaka iliyochomwa yote madhabahuni. Katika Kiebrania sadaka hiyo huitwa 'olah', kile kinachopanda juu. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaifahamu dhana hiyo kama 'sadaka ya kuteketezwa'.

Baadaye maana ilipanuka katika Kiingereza, neno likawa linataja uharibifu kamili, hasa wa moto, na pia mauaji ya watu wengi. Ndiyo sababu vita vya silaha za nyuklia huitwa 'nuclear holocaust'. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 maana ilifinyika. Neno likiandikwa kwa herufi kubwa, sasa hurejelea mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 6 yaliyotekelezwa na utawala wa Wanazi wa Ujerumani na washirika wake wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Matumizi haya hayakosi wapinzani. Sadaka hutolewa kwa Mungu kwa hiari na kwa nia njema. Mauaji yale hayakuwa ibada. Kwa sababu hiyo, Wayahudi wengi hupendelea neno la Kiebrania 'Shoah', lenye maana ya maangamizi.

Visawe katika Kiswahili

Kisawe kinachokaribia asili ya neno ni kile kinachotokana na kitenzi -teketeza. Hata hivyo, kina kasoro mbili. Kwanza, kinamrejesha msomaji kwenye madhabahu. Pili, kinautanguliza moto, ilhali wengi waliuawa kwa risasi, gesi ya sumu, njaa na maradhi. Katika kambi za mauaji, moto ulitumiwa hasa kuteketeza maiti.

Neno 'maafa' lina historia ya kuvutia. Mwishoni mwa karne ya 20, msomi Mmarekani Mweusi Marimba Ani alilieneza kama jina la biashara ya watumwa na mateso yaliyowapata Waafrika. Hivyo, neno la Kiswahili likaingia katika maandishi ya Kiingereza. Lakini kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ukame ni maafa na mafuriko ni maafa. Neno lenyewe halimtaji mtenda. Si ajabu kwamba baadhi ya wanaharakati wenye asili ya Kiafrika nchini Uingereza, wanaodai fidia ya utumwa, hupendelea 'maangamizi'.

Upendeleo huo una msingi wa kimofolojia. Kitenzi -angamia hueleza hali ya kupotea kabisa bila kumtaja msababishi. Katika kauli ya kutendesha tunapata -angamiza, na hapo lazima awepo anayeangamiza. Kutokana na vitenzi hivi viwili zimezuka nomino 'maangamio' na 'maangamizi'.

Yamkini mtu akapinga kwamba sauti /z/ pekee haithibitishi usababishi, kwani 'matembezi' hutokana na -tembea na 'maongezi' na -ongea. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, kuwepo kwa 'maangamio' kando ya 'maangamizi' kunampa mfasiri nafasi ya kutofautisha: la kwanza kwa tukio lisilo na mtenda, la pili kwa tendo lenye mtenda.

Tatizo jingine limo katika kihusishi cha -a unganifu. Kirai 'maangamizi ya Wayahudi' kina utata: je, Wayahudi waliangamiza au waliangamizwa? Muktadha huondoa utata huo kwa anayeijua historia, lakini mwanafunzi anayekutana na habari hii kwa mara ya kwanza hana muktadha huo. Inapendekezwa basi kuandikwa 'maangamizi ya Wayahudi yaliyotekelezwa na Wanazi' katika utajo wa kwanza, kisha 'Maangamizi' kwa herufi kubwa. Neno la mkopo 'Holokosti' linaweza kutumiwa likiwa na ufafanuzi. Bila huo, halimwelezi msomaji chochote.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba kutafuta kisawe si kutafuta neno la kutisha zaidi. Ukame huwaua watu bila kukusudia. Utawala uliopanga mauaji, ukawaorodhesha watu na kuwasafirisha kwa treni hadi kambini, ulikusudia. Sarufi ya Kiswahili inaweza kuionyesha tofauti hiyo. Mfasiri anayeandika kwamba Wayahudi 'waliangamia' ameeleza kifo chao. Anayeandika kwamba 'waliangamizwa na Wanazi' ameeleza pia hatia ya waliowaua.