Mkopo wa Elimu ya Juu: Nyaraka Zinazomhusu Mzazi

Matokeo ya kidato cha sita hutangazwa katika msimu ambao kaya nyingi za Kata ya Usevya huwa zimekwishavuna mpunga na mahindi. Ndipo swali la karo ya chuo linapoingia nyumbani. Mzazi hujiuliza auze magunia mangapi, na mwanafunzi hujiuliza kama mkopo utapatikana.

Ieleweke kwanza kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, haimpunguzii mzazi kodi kwa sababu ya kumlipia mtoto karo. Msaada mkubwa wa Serikali katika gharama hizo hupitia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kwa hiyo, fomu inayopaswa kumshughulisha mzazi ni ya mkopo.

Kwa nini taarifa za mzazi zinahitajika?

Mwombaji ni mwanafunzi, na mkopo huandikwa kwa jina lake. Hata hivyo, kwa kuwa bado anategemea wazazi, Bodi hupima uhitaji wake kwa kuangalia hali ya familia. Mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 haachi kuwa mtegemezi kwa sababu ya umri tu. Hali ya familia isipothibitishwa kwa nyaraka, Bodi haina namna ya kuuona umaskini wa kaya, hata kama kijiji kizima kinaufahamu.

Nyaraka za msingi

Kila mwombaji anahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Aliyefiwa na mzazi anahitaji pia cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Hapa ndipo familia nyingi hukwama: mzazi alifariki miaka mingi iliyopita, akazikwa kijijini, na kifo hakikusajiliwa. Maelezo ya jirani au picha ya kaburi hayachukui nafasi ya cheti. Familia yenye tatizo hilo isisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Ianze kwa Mtendaji wa Kijiji, kisha ifuate usajili katika ofisi ya wilaya.

Mwombaji mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, huhitaji uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kaya iliyomo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF iandae namba yake ya utambulisho.

Majina yafanane

Kosa dogo la herufi huweza kuleta usumbufu mkubwa. Jina la ukoo likiandikwa kwa “l” katika cheti cha kuzaliwa na kwa “r” katika cheti cha kidato cha nne, mfumo huona watu wawili. Mzazi na mwanafunzi wakae pamoja, waweke vyeti vyote mezani na kulinganisha majina herufi kwa herufi. Tofauti ikionekana, irekebishwe kisheria kabla ya kuomba.

Fomu na saini

Maombi hujazwa kwa mtandao katika mfumo wa Bodi, na mwombaji hutumia namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Baada ya kujazwa, fomu huchapishwa na kupelekwa kwa wanaopaswa kuisaini, wakiwamo mdhamini, uongozi wa kijiji au mtaa na kamishna wa viapo. Kisha kurasa zilizosainiwa hurejeshwa kwenye mfumo. Ukurasa mmoja usio na saini au muhuri unaweza kuyafanya maombi yasikamilike.

Mdhamini asitie saini kabla ya kusoma tamko lililo juu ya saini yake, kwa kuwa anajifunga kisheria. Malipo ya ada yafanyike kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali pekee, na stakabadhi itunzwe. Asitokee mtu wa kupewa fedha mkononi kwa ahadi ya “kusaidia mkopo utoke”.

Baada ya kupata mkopo

Sehemu ya karo hupelekwa chuoni moja kwa moja, na fedha za chakula na malazi humfikia mwanafunzi. Si kila anayepata mkopo hulipiwa karo yote. Hivyo familia ijiandae kwa kiasi kitakachobaki. Mhitimu akiajiriwa, mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe.

Katika miaka ya karibuni dirisha la maombi limekuwa likifunguliwa Juni au Julai. Tarehe za kila mwaka hutolewa na Bodi pamoja na mwongozo, ambao mwombaji anashauriwa kuusoma wote kabla ya kujaza. Wakazi wa Usevya wenye watoto walioko kidato cha tano na cha sita wanahimizwa kuanza na cheti cha kuzaliwa sasa. Nyaraka nyingine zote hulinganishwa nacho.