Bundi wa Pemba na bundi wa Katoyi

Bundi akilia usiku juu ya bati zetu, wengi tunaanza kuomba. Asubuhi watoto wanamtafuta kwa mawe, na sisi hatuwakatazi. Lakini kuna kisiwa ambako wageni wanatoka mbali, wanalipa pesa, ili wamsikie bundi mmoja tu akilia.

Kisiwa hicho ni Pemba, katika Bahari ya Hindi, nchini Tanzania. Wenyeji wanasema Kiswahili kama sisi. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya msitu wao ilikatwa ili kupanda mikarafuu. Msitu mkubwa uliobaki ni Ngezi, kaskazini-magharibi, wenye mivule mirefu na mpapindi, mti wa jamii ya mitende unaoota Pemba tu.

Pemba ina ndege wa aina nne wasiopatikana popote pengine duniani: ninga wa kijani, chozi anayenyonya maua, ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe jichoni, na bundi mdogo anayekula wadudu. Giza likiingia, mgeni anamfuata kiongozi msituni polepole, bila kelele, anangoja sauti ya bundi huyo. Msitu ukikatwa wote, mgeni hana cha kufuata, na kiongozi hana kazi.

Safari hiyo ni mbali, na mfuko wetu tunaujua. Karibu yetu, katika Ziwa Kivu, kuna Tchegera, kisiwa chenye umbo la mwezi mchanga, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoundwa mwaka 1925. Lakini hata ukishuka tu ziwani kuchota maji, tazama mdiria: anapiga mabawa akisimama hewani, kisha anatumbukia na kutoka na samaki.

Na bundi wetu? Chakula chake kikubwa ni panya, wale wale wanaotoboa mifuko ya maharagwe na mahindi. Akilia, anamwita mwenzake au anawaambia bundi wengine kwamba mahali hapo ni pake. Hajui nani anaumwa ndani ya nyumba.

Tunasema hivi kwa sababu woga huu una bei. Mtoto akiwa na homa, usiku unapita tukimfukuza ndege badala ya kumpeleka kituo cha afya. Mara nyingine neno linatoka kwa ndege na kumwangukia jirani, hasa mama mzee anayeishi peke yake, akaitwa mchawi.

Kwa hiyo, siku ya likelemba, tuzungumze mambo matatu:

- Watoto waweke mawe na manati chini, wahesabu ndege wanaowaona.
- Bundi akilia na mtoto anaumwa, tumwangalie mtoto.
- Akitajwa mama yeyote kwa sababu ya bundi, tuwe wa kwanza kusema hapana.