Ndevu Zinafanana, Tazameni Pua

Haya wanangu, sogeeni. Leo nawapeleka Ujerumani, kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, asubuhi yenye ukungu. Wamesimama mbwa wawili. Wote wana ndevu za kizee, sharubu zilizolowa umande, na nyusi zilizochachamaa juu ya macho. Wametapakaa tope hata rangi zao hazijulikani. Ghafla wanaganda: mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, pua zimeelekea kichakani, hakuna anayebweka, hata sikio halitikisiki. Humo kichakani yumo kwale, nao wanamwonyesha mwindaji alipo.

Mmoja ni Korthals Griffon. Mwingine ni Deutsch Drahthaar. Yupi ni yupi?

Mwenye haraka atakimbilia ndevu. Mimi nasema ndevu ziacheni kwanza, nanyi mtaona kwa nini.

Palikuwa na Mholanzi mmoja, Eduard Korthals, aliyezaliwa mwaka 1851. Alitaka mbwa wa kuwinda naye popote, kwenye kinamasi na kwenye miiba. Alianza na jike aliyeitwa Mouche, yaani nzi kwa Kifaransa. Akahamia Ujerumani, akawa anachagua wazazi na kuzalisha, mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka 1887 sifa za mbwa wake zilipoandikwa rasmi. Mholanzi huyu aliifanya kazi yake Ujerumani, lakini leo mbwa wake huhesabiwa kuwa wa Ufaransa!

Wajerumani walipounda chama cha Drahthaar mwaka 1902, hawakuanza na mikono mitupu. Walichukua damu ya Korthals, wakaichanganya na ya mbwa wengine, akiwemo Pudelpointer, ambaye naye ni mtoto wa pudeli na pointa. Jina Drahthaar lenyewe maana yake ni nywele za waya. Kwa hiyo Korthals ni mmoja wa mababu wa Drahthaar, na ndevu hizo ni za ukoo. Mtoto na babu utawatenganishaje kwa kitu walichorithishana?

Basi inameni, tazameni pua. Pua ya Korthals ni ya kahawia siku zote. Weusi kwake haukubaliki, si puani wala mwilini. Drahthaar naye wako wa kahawia, lakini wako pia wenye manyoya meusi yaliyochanganyika na meupe, na hao pua zao ni nyeusi. Ukiona pua nyeusi, huyo si Korthals, maneno yamekwisha. Ila msijikwae hapa: pua ya kahawia haijathibitisha kitu bado. Inaweza kuwa ya yeyote kati yao.

Ikiwa ni ya kahawia, leteni futi kamba tupime kutoka ardhini hadi mabegani. Dume la Korthals lina sentimita 55 hadi 60. Dume la Drahthaar lina 61 hadi 68. Lakini jike la Drahthaar lina 57 hadi 64, na hapo anaweza kulingana sawasawa na dume la Korthals. Ndiyo maana kabla ya kupima mtauliza: dume au jike? Kisha simameni ubavuni. Korthals ni mrefu wa mwili kidogo kuliko kimo chake. Drahthaar anakaribia mraba.

Sasa pelekeni mkono. Manyoya ya Korthals ni magumu kama ya nguruwe mwitu, yamekaa ovyoovyo kama mtu aliyeamka sasa hivi, na chini yake kuna manyoya laini, mazito, ya kumkinga na baridi. Ya Drahthaar ni mafupi zaidi, sentimita 2 hadi 4, yamelala yakaubana mwili. Wako hata Drahthaar wenye ndevu haba kabisa.

Turudi shambani. Kwale ameruka, bunduki imelia. Mbwa mmoja ameendelea kupekua karibu na mwindaji, akinyata chinichini kama paka. Korthals wengi ndivyo wafanyavyo. Mwenzake ametimka hadi ng'ambo ya shamba, ukungu umemmeza. Mwindaji anapiga filimbi. Tunasubiri. Anatokea huku anahema, kwale mdomoni, ndevu zimejaa mbegu za majani, anakuja mpaka magotini pa bwana wake na kuinua kichwa.

Pua yake ni nyeusi kama mkaa.